Tanki Safi, Dizeli Ileile

Kaeni, ndugu zangu, kaeni mpumzike. Najua mmechoka. Wengine mmetoka shambani jana jioni na leo mmeamka mapema kuja hapa, na mimi mwenyewe siwafichi, nimechoka. Kwa hiyo leo sitapaza sauti. Nitawapa mfano wa dereva mmoja, tutaomba, kisha kila mtu aende kwake akale.

Dereva huyu alikuwa na lori la zamani, yale ya dizeli yenye pua ndefu mbele, ambayo yakiwashwa asubuhi mtaa mzima unajua kumekucha. Alibeba viazi vya watu kutoka mabondeni na kuvipandisha mlimani mpaka sokoni. Jina lake siwatajii, wala kijiji chake. Nawajua nyie. Mtaacha kusikiliza mfano, muanze kumtafuta mtu.

Basi lori lile lilikuwa na ugonjwa wake. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri tu, hata lilipojaa mzigo. Likianza mlima, linakohoa. Linavuta, linakata, linavuta tena, halafu linazima, na linazimia pale pabaya, kwenye kona, ambapo upande mmoja ni ukingo na upande mwingine ni korongo. Sababu ilikuwa tanki. Kwa miaka mingi lilikuwa limetiwa dizeli ya madumu na dizeli ya mapipa, maji ya mvua yalipenya kwenye mfuniko, kutu ikabanduka kwa ndani, na vyote vikashuka chini vikawa ute mweusi. Barabara ikiwa sawa, ute umetulia. Gari likiinua pua, ute unasogea unaziba bomba la kuvutia dizeli, na injini inakufa njaa huku tanki limejaa.

Je, dereva hakujua? Alijua vizuri sana, na dawa yake alikuwa nayo. Anashuka, anafungua bomba, anaweka mdomo, anapuliza kwa nguvu zake zote mpaka asikie mbubujiko ndani ya tanki. Uchafu umerudi chini. Anafunga, anatoa upepo ulioingia kwenye bomba kwa pampu ya mkono, anawasha, safari inaendelea mpaka kona inayofuata. Madereva wenzake walimsifu kwamba lori bovu kama lile, mikononi mwa mtu mwingine, lingeshakuwa banda la kuku. Naye alizipokea sifa zile huku akitema dizeli. Alirudi nyumbani jioni na dizeli mdomoni, akala ugali ukawa na ladha ya dizeli, akalala, akaamka, akaenda kupuliza tena. Mnakujua kuchoka kwa mtu anayetengeneza kitu kilekile kila siku, na kesho yake kinaharibika palepale? Naona mnatazama chini. Mnakujua.

Lakini aliyechoka zaidi hakuwa yeye. Lori lile halikuwa na utingo. Aliyekaa kiti cha pembeni ni mkewe, na mkewe alikuwa na kazi moja: gogo. Breki ya mkono ilishalegea zamani, haishiki kitu, na ya mguu peke yake haiuwezi mzigo mlimani. Kwa hiyo lori likizima mlimani, mama yule anafungua mlango, anaruka, anakimbia nyuma na gogo lake, analisukumia chini ya tairi kabla lori halijaanza kurudi kinyumenyume na viazi vya watu. Hakuwa msichana, jamani. Goti moja lilimuuma hata akiwa amekaa. Siku moja gogo lilimbana kidole, ukucha ukang'oka, na siku iliyofuata alipanda garini kidole kimefungwa kitambaa. Wakifika chini ya mlima, mkono mmoja anaushikisha kwenye kitasa cha mlango, mwingine amelipakata gogo. Anasikiliza injini.

Jioni moja wakiwa nyumbani, alimwambia mumewe, "Baba watoto, mimi nimechoka."

Dereva akasema, "Nani hajachoka?"

"Nisikilize. Sikuombi kitenge. Sikuombi bati za jikoni, tumeshazizoea zinavuja. Nataka siku moja niupande ule mlima nimekaa kitini kama abiria. Usingizi ukinishika nilale. Ni hilo tu ninalolitaka."

Yule bwana aliendelea kula. Lakini neno lile lilimkaa kooni kuliko dizeli, kwa sababu aliangalia nyuma, akatafuta siku ambayo mkewe alisinzia hata kidogo kwenye lori lile, akaikosa. Kulipokucha akaenda kwa fundi.

Fundi alisikiliza habari ya kupuliza bomba, akacheka. "Mzee, wewe humfukuzi mgeni. Unamtoa sebuleni unamwambia akalale jikoni, na kesho unashangaa kumkuta mezani. Tanki lishuke."

"Limejaa, fundi. Nimelijaza juzi kwa ajili ya safari."

"Dizeli itatolewa, tutaikinga kwenye madumu. Lishuke."

Wakaanza kazi. Fundi aliingia chini ya gari akafungua nati ya kutolea, dizeli ikatiririka, wakaikinga kwenye madumu meupe mpaka ikaisha. Akachomoa waya wa geji, akachomoa bomba la kuvutia na la kurudishia. Mikanda ya chuma iliyolishikilia tanki ilikuwa imekula kutu, spana inateleza tu, mwishowe nati zikakatwa kwa msumeno. Wakaweka ubao na jeki chini yake, wakalishusha polepole, wanaume wawili wazima wanahema kama wamebeba ng'ombe. Walipoliinamisha kumwaga kilichobaki, ulitoka ule ute. Mweusi, mzito, unavutika kama mlenda, na harufu yake iliwafanya wageuze nyuso.

Fundi akatia kokoto ndani ya tanki, akatia maji na sabuni ya unga, akaziba mdomo, akasema, "Sasa tulibiringishe." Wakalibiringisha uani, huku na huku, kokoto zikisugua ndani kwa kelele hata jirani akatoka kuuliza kuna nini. Maji yakamwagwa, yalikuwa meusi. Wakatia mengine, wakabiringisha, yakatoka ya kahawia. Wakarudia na kurudia, mikono imekufa ganzi, migongo inalia, mpaka maji yakatoka yalivyoingia. Wakalisuuza, wakaliegemeza juani likauke.

Mama watoto alipowaletea chai, fundi alichukua tochi akammulikia ndani. "Shemeji, njoo uchungulie."

Akachungulia. Chuma kitupu, cheupe. "Kwa hiyo sasa?"

"Sasa limepona. Labda mtu alitie uchafu upya."

Mama yule akacheka. Dereva alisimama na kikombe chake akamwangalia mkewe anacheka, na ndugu zangu, furaha aliyoipata ilimtosha kwa uchovu wote wa siku ile.

Jua liliposhuka, tanki likiwa kavu, wakalirudisha mahali pake kwa mikanda mipya na filta mpya. Fundi akanawa mikono, na kabla ya kuondoka akasema, "Mzee, hii dizeli ya kwenye madumu isirudi humu. Ina maji. Wape watu wapake nguzo za mazizi, mchwa hawatazigusa."

"Sawa, fundi."

Hapo nisikilizeni vizuri. Alisema sawa, na alimaanisha. Hakuwa mwongo. Fundi angemwapisha pale, angeapa kwa moyo mweupe.

Fundi akaenda zake. Dereva akabaki peke yake uani na madumu yake. Yalikuwa yamekaa mahali pamoja tangu asubuhi, yametulia, na jua la jioni lilikuwa linapita ndani yake. Akaangalia. Kwa juu dizeli ilikuwa ya manjano, inang'aa, safi, unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Uchafu ulikuwa chini kabisa, mstari mdogo tu. Akachuchumaa. Hii ndiyo ya kupaka nguzo? Hii? Aliinunua kwa jasho lake, kila tone ni lake, hakumwibia mtu. Akajiambia, nitachukua ile ya juu peke yake. Kwenye kamba palikuwa na kanga ya mkewe imeanikwa, akaitwaa, akaikunja mara mbili, akaifunga mdomoni mwa tanki, akaanza kumimina.

Ya juu ikaingia. Akaitazama kanga, haina kitu. Akamimina ya katikati. Akaitazama kanga, ina vumbi jeusi kidogo, akafurahi, maana aliona uchafu umebaki kwenye kitambaa kama alivyotaka. Kilichobaki chini ya madumu hakikuwa kingi. Akasema, hiki nacho kitachujwa. Akamimina. Lakini kanga, ndugu zangu, inazuia kokoto. Maji inayapitisha. Na ule ute ukishachanganyika na dizeli, nao inaupitisha. Juu yake akaongeza dizeli mpya kidogo, akafunga mfuniko, akaitia kanga kwenye beseni la nguo chafu, akaingia ndani kulala.

Asubuhi akasikia shoka. Akatoka, akamkuta mkewe amechuchumaa jikoni, moto unawaka vizuri.

"Unapasua nini?"

"Gogo langu. Nachemshia chai." Alisema hivyo akitabasamu, anasukuma kuni ndani. "Si limepona?"

Sasa niwaulize. Muda wa kusema ulikuwa upi? Ulikuwa ule. Angesema, "Mama watoto, ngoja, kuna jambo nimefanya jana." Aibu kidogo, tanki lifunguliwe, safari ichelewe, basi. Lakini alikuwa amechoka. Alifikiria kushusha tanki tena, kumfuata fundi tena, akafikiria uso wa mkewe utakavyogeuka, akaona mlima wa kusema ni mkali kuliko ule wa barabarani. Moyoni akajiambia, nimechuja. Mdomoni akasema, "Sawa." Akanywa chai iliyochemshwa kwa gogo lile, na ilikuwa chai tamu.

Wakapakia viazi. Fundi naye akapanda juu ya viazi, maana fundi mzuri husindikiza kazi yake aone inavyokwenda. Tambarare waliimaliza bila neno. Walipofika chini ya mlima, mkono wa yule mama ulikwenda wenyewe kwenye kitasa cha mlango, kwa mazoea. Akauona, akajicheka, akautoa. Akavua viatu. Akaegemeza kichwa kwenye fremu ya dirisha. Kona ya kwanza lori lilipita likinguruma kama jipya. Kona ya pili dereva aligeuka akamwona mkewe amelala, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani, mtu aliyechoka kwa miaka mingi amelala usingizi wa mchana.

Na lori likakohoa.

Mara moja tu. Dereva akakaza mguu. Likakohoa tena. Akaomba, ndugu zangu. Aliomba kwa bidii kuliko sisi tulivyoomba asubuhi hii. Likavuta, likakata, likazima, na uzito wote wa viazi ukaanza kulivuta nyuma. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, akapiga kelele, "Mama watoto! Mama watoto!"

Yule mama aliamka hajui yuko wapi, lakini mwili ulijua. Hakuuliza. Mkono ukapapasa sakafuni kutafuta gogo, hakuna gogo. Akaruka hivyohivyo peku, goti likamsaliti akaanguka, akanyanyuka, akakimbilia mtaroni akang'oa jiwe kwa kucha zake, akaja nalo limeegemea tumboni, akalitupia chini ya tairi. Lori likaliegemea, likasimama. Yeye akabaki pale ameweka mguu juu ya jiwe.

Fundi alishuka. Akafungua kikombe cha filta, akamimina kilichomo kwenye kiganja. Matone ya maji yakawa yanakimbiakimbia ndani ya dizeli, na weusi ukabaki kwenye mistari ya mkono wake.

"Mzee, dizeli hii umenunua wapi?"

Dereva akainama kuiangalia filta.

"Nakuuliza kwa sababu tanki nimeliosha mwenyewe."

"Ni ileile," dereva akasema. "Niliichuja."

"Ipi?"

"Tuliyoitoa."

Fundi hakugomba. Alijifuta kiganja kwenye suruali, akatazama korongoni. Ukimya ule ulimshinda dereva kuliko matusi, akaanza kujitetea. "Kwa juu ilikuwa safi. Mngeiona nyinyi wenyewe. Ilikuwa safi kabisa, haina kitu."

Mkewe akamwangalia kutoka pale kwenye tairi. Akasema, "Baba watoto. Mimi nilikuwa nimelala."



Ndugu zangu, mnamcheka dereva huyu? Wengine mnasema, mjinga. Hakuwa mjinga, wala hakupenda uchafu. Aliuchukia uchafu, ulimwingia mdomoni miaka na miaka. Alichopenda ni dizeli yake. Na kibaya zaidi, alichosema ni kweli. Kwa juu ilikuwa safi.

Sasa tuje kwetu. Mwezi uliopita tulikaa humu ndani kuanzia ibada ilipoisha mpaka giza likaanza kuingia, kwa ajili ya ugomvi wa kwaya zetu mbili. Tulibiringishwa siku ile, si kidogo. Watu walilia. Watu waliosalimiana kwa kupita upande wa pili wa barabara walikumbatiana hapa mbele, na tukasema kwa vinywa vyetu, yameisha. Na tulimaanisha. Mimi nilikuwepo, niliwaona. Tanki lilioshwa.

Juzi nikaenda msibani. Kwenye foleni ya chakula nikasikia sauti ninayoijua inasema, "Mimi nilishasamehe, lakini ukweli unabaki kuwa ukweli, wao ndio walioanza." Na mwenzake anaitikia, "Hilo hata mchungaji analijua." Nikaondoka na sahani yangu, nikairudisha jikoni imejaa.

Kwa sababu inawezekana kabisa ni kweli. Inawezekana wao ndio walioanza. Hiyo ndiyo dizeli ya juu, ya manjano, inayong'aa. Hakuna mtu humu anayerudisha matusi na uongo wake peupe, hayo tunayaonea haya. Tunachorudisha ni ile sehemu ambayo tulikuwa na haki. Tunaichungulia jioni tukiwa peke yetu, tunaona ilivyo safi, tunasema, hii nayo nimwage? Hii ni yangu, niliteseka kwa ajili yake. Tunaichuja kwa maneno ya kiungwana, tunaanza kumimina, na kwa kuwa tumeshaanza, ya katikati inafuata, na ya chini inafuata. Kisha tunakuja hapa tukiwa tumechoka, tunamuuliza Mungu mbona tumeomba na bado tunazima palepale.

Mtataka kujua lori liliishia wapi. Lilipona. Tanki lilishushwa mara ya pili, likaoshwa, na safari hii dizeli ilikwenda kupakwa kwenye nguzo kweli, dereva aliipaka kwa mkono wake mwenyewe. Lori lile linaupanda mlima, halikohoi. Lakini yule mama, kila wakifika chini ya mlima, mkono uko kwenye kitasa. Mumewe amembembeleza, fundi amemwapia. Anasema, "Nawasikia," na mkono hautoki. Tanki linaoshwa kwa siku moja, jamani. Usingizi wa mtu huwezi kuuosha.

Na kwetu wapo waliolala. Siku ile tuliposema yameisha, kuna watoto walituuliza nyumbani, "Sasa naweza kwenda kucheza kwa kina fulani?" Tukawaambia nendeni. Wamekwenda, wako huko sasa hivi, wanakula kwenye sahani moja. Kuna mabibi waliokuwa hawapitii njia ya kisimani kwa kukwepa macho, sasa wanapita. Wametuamini. Wamevua viatu na kuegemea dirisha.

Kwa hiyo leo tusimwombe Mungu atuoshe. Ametuosha, tumeona kwa macho yetu. Tumwombe kitu kigumu zaidi, atupe moyo wa kwenda kuimwaga ile iliyo safi kwa juu. Kila mmoja anajua dumu lake ameliweka wapi.

Simameni tuombe. Na tuombe kwa sauti ya chini, kuna watu wamelala.